Jinsi ya kuseti prosesa ya FM ili redio isikike kubwa bila sauti kupasuka

Kila fundi mitambo anaijua hii simu. Bosi yuko barabarani, kabadilisha stesheni kwenye gari, kakutana na redio jirani inapiga mpaka vioo vinatetemeka, akirudi kwenu anaona kama mmelala, basi anapiga: "Mbona sisi tuko chini? Ongezeni wati bwana." Sasa wati hapo hazina kesi. Wati zinaamua mawimbi yafike wapi na yakifika yawe na mikwaruzo kiasi gani, ila sauti kuwa kubwa au ndogo kwenye FM inategemea masafa yenu yanasukumwa umbali gani huku na huku, na mpaka wake ni kHz 75 kila upande, transmita iwe ya wati 300 au ya kilowati 5 mpaka ni huohuo. Jirani naye anao huohuo, labda awe anaiba. Kwa hiyo anayesikika kubwa ni yule anayeijaza ile nafasi muda mwingi zaidi, na kuijaza bila kuharibu sauti ndio kazi ya prosesa, kile kifaa kinachosawazisha na kubana sauti kabla haijafika kwenye transmita.

Hapa naongelea kituo cha kawaida cha mkoani, yaani kompyuta moja ya kupigia nyimbo, mikisa, maiki mbili tatu, na prosesa ambayo inaweza kuwa boksi la Orban au Omnia, au programu kama Stereo Tool kwenye kompyuta yenye saundi kadi ya kHz 192 inayotoa MPX (yaani kushoto na kulia vikiwa vimeshaunganishwa kuwa mawimbi ya stereo) moja kwa moja kwenda kwenye transmita. Majina ya vitufe yanatofautiana lakini tumboni mpangilio ni karibu uleule: AGC inayosawazisha kiwango cha sauti polepole, maltibendi inayobana sauti kwa vipande, limita inayozuia vilele visipande, klipa inayokata vilivyobaki, halafu enkoda ya stereo. Nitafuata mpangilio huo, ila siwezi kuanza na prosesa kabla ya vitu vilivyo mbele yake na nyuma yake, maana nusu ya malalamiko ya sauti mbaya yanatokea huko.

Anza na nyuma, kwenye transmita. FM inapandisha sauti za juu kabla ya kurusha, halafu redio ya msikilizaji inazishusha, ndio maana ile sssss ya hewani inapungua. Hiyo ndio pri-emfasisi, na huku kwetu ni mikrosekunde 50 sawa na Ulaya, Marekani wao wanatumia 75. Prosesa zinauzwa dunia nzima kwa hiyo kagua imeandikwa ngapi, usiamini tu. Halafu hakikisha inafanyika mara moja tu. Kama prosesa inatoa MPX, ingiza kwenye tundu la MPX la eksaita (sehemu ya transmita inayotengeneza mawimbi ya FM) na pri-emfasisi pamoja na enkoda ya eksaita vizimwe. Kama prosesa inatoa kushoto na kulia tu na eksaita ndio inatengeneza stereo, basi pri-emfasisi ifanywe na eksaita, prosesa iwe inajua hilo ili ikabe vilele ikiwa imeshahesabu trebo itakayopandishwa na eksaita. Ikifanyika mara mbili sauti inakuwa kali kama inakwangua bati na S zote zinachanika, isipofanyika kabisa redio inakuwa nzito, kama mtangazaji anaongea kafunikwa shuka. Na limita ya eksaita zima, prosesa mbili zikigombania kilele kimoja utatafuta kosa mpaka usiku.

Ukiweza chagua njia ya MPX. Optimod ya kwanza, prosesa ya Bob Orban ya mwaka 1975, iliweka limita na enkoda ya stereo kwenye boksi moja kwa sababu ya maana: ile filta ya kHz 15 inayolinda pailoti ya kHz 19 (toni inayoiambia redio kwamba hii ni stereo), ikikaa baada ya limita inavirudisha juu vilele ulivyokwisha kuvikata, na wewe unalazimika kushusha kila kitu ili usivuke mpaka. Unapoteza sauti bure. Jambo hilohilo linatokea kama linki yako ya kutoka studio kwenda mlimani inabana sauti kwa mtindo wa MP3, vilele vinatoka upande wa pili vimebadilika umbo. Hapo dawa ni kuipeleka prosesa mlimani kwenye transmita, studio ubaki na AGC tu.

Sasa mbele ya prosesa. Nyimbo. Wimbo uliotolewa kwenye video ya YouTube ukageuzwa MP3 ya kbps 128 ukiusikiliza kwenye kompyuta unaweza kuona uko poa, lakini prosesa kazi yake ni kuvuta juu vitu vilivyo chini, na vilivyo chini kwenye faili la namna hiyo ni yale maji maji kwenye matoazi na makofi. Hewani yanatoka yote. Mwambie msanii au promota wake alete WAV kwenye flashi, wengi wanazo tu hawajaombwa. Nyimbo nyingi mpya zimeshabanwa studio mpaka vilele vimekuwa bapa, hizo hata ufanye nini hazitakua zaidi, zitachakaa tu, ndio maana prosesa za kisasa zina kipengele cha kujaribu kurudisha vilele vilivyokatwa. Kama unacho kiwashe, kinasaidia kweli.

Halafu sawazisha maktaba nzima kwa kipimo cha LUFS, kile kinachopima ukubwa wa sauti kwa namna sikio linavyosikia, sio kwa kilele. Ulaya kiwango chao cha R128 cha mwaka 2010 kinasema −23, wewe unaweza kuweka −20 au −18, namba yenyewe haina shida ilimradi nyimbo, jingo na matangazo ya biashara vyote viwe palepale. Matangazo hasa. Yale yanayokuja yametengenezwa na mtu anayetaka tangazo lake lipige kelele kuliko la mwenzake yanaisukuma AGC chini, na mtangazaji akirudi anaanza kwa sauti ya mgonjwa.

Na mikisa: kama taa nyekundu zinawaka tangu kipindi cha asubuhi mpaka taarifa ya habari ya usiku hakuna prosesa ya kukusaidia, sauti imeshapasuka kabla haijafika. Sauti ya kawaida icheze karibu na desibeli −18 za kidijitali, vilele vifike −8 hivi, nafasi inayobaki iache wazi. Madijei wanaona feda (kile kitelezo cha sauti kwenye mikisa) ikiwa chini hawasikiki hewani, waeleze kwamba prosesa itapandisha, wao wawe na kiwango kimoja tu.

Maiki nayo inataka kazi yake, na hapa ndipo usikivu wa maneno unapoamuliwa kuliko sehemu yoyote. Mdomo uwe umbali wa kiganja, kata vyote vilivyo chini ya Hz 80, weka kompresa ya maiki resho 3 kwa 1 ipunguze desibeli 4 hadi 6 mtu akiongea kawaida, basi. Chumba kikiwa na mwangwi prosesa itauongeza mwangwi, kiyoyozi kikiunguruma itaongeza muungurumo. Mapazia mazito na zulia ni rahisi kuliko prosesa mpya.

Tuingie kwenye boksi lenyewe. Usianze na preseti (mpangilio uliokuja tayari kwenye prosesa) yenye jina la kutisha, zile zenye maneno ya "loud" na "extreme" zilitengenezwa kwa ajili ya miji yenye vita ya stesheni. Chukua ya katikati, halafu shusha klipa mpaka usiisikie kabisa ikifanya kazi. Utaipandisha mwisho.

AGC ni kama mtu mvivu aliyekaa kwenye feda, anaisogeza polepole tu pale anapoona kwa muda mrefu sauti iko chini au juu. Ikiwa na haraka inageuka kompresa na inaanza kuhema. Weka ipande taratibu, desibeli moja kwa sekunde au chini ya hapo, na mita yake icheze ikiwa inapunguza kama desibeli 10 kwa kipindi cha kawaida, ili ikitokea simu hafifu ya msikilizaji iwe na pa kupanda na tangazo la kelele likija iwe na pa kushuka.

Kitu kinachosahaulika kwenye AGC ni geti, kinachoizuia isipandishe sauti ikiwa chini ya kizingiti fulani. Chukua matangazo ya mpira. Mtangazaji kanyamaza sekunde tatu kumeza mate, AGC inaona sauti imeshuka, inaanza kupandisha, vuvuzela na uwanja mzima vinapanda, halafu jamaa anarudi na "goooli" la kwanza linatoka limevimba kabla AGC haijashtuka kushuka. Ukisikia uwanja unapanda na kushuka kila mtangazaji akipumua ujue geti liko chini mno. Pandisha kizingiti chake mpaka AGC ikae pale ilipo wakati hakuna mtu anayeongea. Kwenye taarifa ya habari ni hivyohivyo, msomaji akifunua karatasi hutakiwi kusikia feni.

Maltibendi inagawa sauti vipande, besi peke yake, katikati peke yake, trebo peke yake, kila kipande kinabanwa kivyake. Hapa ndipo ukubwa unapotengenezwa kihalali. Bendi za katikati zipunguze desibeli 3 hadi 6, ukiona zinapunguza 12 muda wote umezidisha. Rilizi, yaani kasi ya kuachia baada ya kubana, ikiwa ya haraka redio inakuwa nene na inasikika kubwa, lakini inachosha, mtu anapunguza sauti au anahama bila kujua kwa nini. Ikiwa ya taratibu inakuwa wazi na tamu ila inapoa kidogo. Mimi napendelea upande wa taratibu kwa kituo chenye mazungumzo mengi, na hapo najua kuna mafundi watabisha, wabishe tu.

Muziki wa huku una vituko vyake ambavyo preseti za Ulaya hazikuvifikiria. Singeli inakimbia kwa mapigo 200 na zaidi kwa dakika, hakuna pumzi, kwa hiyo rilizi ya haraka haipati nafasi ya kuachia, inabaki inatetemeka na sauti yote inakuwa ukuta. Taarab ni kinyume, vinanda na violini vimejaa katikati na mwimbaji kakaa humohumo ndani, ukibana bendi za katikati sana violini vinampanda mwimbaji kichwani. Halafu kuna besi ya amapiano, ile inakula nafasi yote ya kHz 75 peke yake na redio ndogo ya betri wala haiwezi kuitoa. Kwa hiyo preseti nzuri ijaribu na hivyo vitatu, pamoja na kwaya moja na mtu anayeongea, ikipita hapo itapita kwingine.

Usikivu wa maneno sasa. Kabla ya kuongeza chochote, punguza. Eneo la Hz 200 hadi 400 ndipo sauti inapokuwa na tope, hasa wanaume wanaoisogelea maiki ili wawe na sauti nzito, toa desibeli 2 hapo kwenye maiki uone maneno yanavyojitokeza. Kisha kHz 2 hadi 4 unaweza kuongeza kidogo, desibeli 1 au 2, hapo ndipo konsonanti zinapokaa na ndipo spika ya redio ndogo na ya simu inapofanya kazi vizuri. Usiende kuongeza trebo ya juu ukidhani ndio usafi. Ile pri-emfasisi ya mikrosekunde 50 inaanza kupandisha kuanzia kHz 3 na kitu, ikifika kHz 15 imeshaongeza karibu desibeli 14, kwa hiyo trebo yoyote unayoongeza inagonga klipa ikiwa imezidishwa mara kadhaa, na kinachokatwa ni S, SH na Z.

Kiswahili kimejaa hizo. Mpe mtangazaji asome "sasa ni saa sita na dakika kumi na sita, hii ni taarifa ya habari", mwanamke mwenye sauti nyembamba ndio kipimo kizuri zaidi, usikilize kwenye redio sio kwenye spika za studio. S zikitoka kama zimeungua au zinageuka F, shusha bendi ya trebo ya maltibendi au washa kipunguza S kwenye maiki, kianzie kHz 5 hadi 8. Usikimbilie kushusha trebo ya redio nzima, utaua na matoazi ambayo hayana kosa.

Kuna kitufe cha fezi roteta, wengi wanakizima kwa sababu hawajui kazi yake. Sauti ya binadamu ukiiangalia kwenye skrini imeegemea upande mmoja, vilele vya juu virefu kuliko vya chini, na mpaka unagongwa na ule upande mrefu tu. Roteta inavisawazisha, basi sauti ya mtangazaji inapata desibeli kadhaa za bure kabla klipa haijaigusa. Ngoma zinapoteza makali kidogo, lakini kwa redio ya mazungumzo nakiwasha bila kufikiria.

Sasa ndio klipa. Weka wimbo wenye besi nzito na mtu anaimba juu yake, panda nusu desibeli, sikiliza, panda tena. Mahali sauti ya mwimbaji inapoanza kukoroma kila besi ikipiga umefika, rudi nyuma desibeli moja au moja na nusu hapo ndio nyumbani. Ukiona umefika mapema mno usilaumu klipa, shusha besi desibeli 2 kwenye maltibendi kisha jaribu upya, mara nyingi unapata nafasi kubwa kwa sauti za watu bila mtu yeyote kugundua kwamba besi imepungua. Klipa ya MPX, ile ya mwisho kabisa, mpe kazi ndogo tu, isizidi nusu desibeli, na iwe ya aina inayolinda pailoti.

Pailoti ikae asilimia 8 hadi 10, mimi naweka 9. RDS (ile inayoandika jina la stesheni kwenye redio) kama unayo asilimia 3 inatosha. Vyote pamoja na sauti visivuke kHz 75. Kuna wanaopandisha mpaka 90 au 100 wakijiona wajanja, matokeo yake ni kwamba redio nyingi hasa za magari zina filta nyembamba, mawimbi yakitoka nje ya filta sauti inakwaruza kwenye vilele, mnaingilia jirani kwenye masafa, na wasimamizi wa mawasiliano, TCRA kwa Tanzania au kwa Kenya Mamlaka ya Mawasiliano, wana vipimo vyao. Kama huna mita ya modulesheni, ile inayopima kHz mnazosukuma, tafuta ya kuazima siku ya kuseti. Kile kidude cha USB cha kunasia redio kwenye kompyuta, RTL-SDR, hakitoshi kwa kipimo rasmi ila kwa kulinganisha redio yenu na ya jirani, zote zimenaswa kwa antena moja, kinafaa sana.

Stereo iache kama ilivyo. Vile vitufe vya kupanua stereo vinafanya hedifoni zifurahi, lakini msikilizaji aliye mbali na mnara au kwenye bonde anaongezewa mikwaruzo, stereo kwa kawaida tu ina kelele kuliko mono kwa desibeli 20 hivi mawimbi yakiwa hafifu. Na kagua mono. Washa redio ndogo yenye spika moja, kama ala zinasikika ila mwimbaji na mtangazaji wamezama au wametoweka kabisa, kuna waya wa XLR umegeuzwa pini ya 2 na ya 3 upande mmoja, sauti za katikati zinafutana. Kwenye stereo ya studio usingejua, ungesikia tu kitu kama kimekaa ajabu kichwani.

Kusikiliza kwenyewe: pata redio ya betri, simu yenye FM, gari, na sabufa ya nyumbani, maana huko ndiko watu waliko. Sikiliza kwa sauti ya chini kabisa kwanza, kama taarifa ya habari inaeleweka maneno yote wakati jikoni kuna sufuria na watoto, umefanya kazi. Panda daladala au matatu inayopiga stesheni yenu ukiweza, hakuna maabara kali kama ile. Badilisha kitu kimoja kwa siku, masikio yakishachoka kila kitu kikali kinaonekana kizuri. Na ukilinganisha na jirani linganisha mtu anaongea kwa mtu anaongea, sio habari zenu na singeli yake.

Kama mnarusha na mtandaoni, usichukue sauti ya FM ukaipeleka huko. Mtandaoni hakuna pri-emfasisi wala kHz 75, ile klipa inakuwa uchafu tu na enkoda ya mtandao inahangaika nao. Toa njia ya pili kutoka baada ya maltibendi, weka limita laini, lenga −16 LUFS.

Ukiridhika hifadhi preseti kwa jina lenye tarehe, kopi moja kwenye flashi nje ya studio, na andika kwenye daftari pailoti ilikuwa ngapi na klipa ilikuwa ngapi. Kompyuta ya prosesa iwe kwenye UPS na programu ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Weka neno la siri, dijei wa usiku akishajua besi inaongezwa wapi ataongeza.